Baba Yako Alipochelewa Kuketi

Akinyi mjukuu wangu,

Hapa Katito hatujambo, ila babu yako anakohoa kidogo. Nakuandikia ujumbe huu kwa sababu nikikupigia simu nitalia. Unasema daktari ameona damu haimfikii mtoto vizuri tumboni, anataka azaliwe mapema, nawe unauliza kama mtoto mdogo hivyo atakua.

Baba yako alizaliwa mdogo hivyo hivyo. Nilimbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, nikiogopa hata kupiga chafya. Alipofika miezi minane, kila nilipomketisha alianguka. Nilimpeleka kliniki.

"Mama, alizaliwa mapema kiasi gani?" nesi akauliza.

"Miezi miwili."

"Basi mhesabie miezi sita, si minane. Na uendelee kumleta tumwangalie."

Nililia njia nzima. Miezi yote ile nilikuwa namtazama mtoto nikitafuta kasoro. Siku hiyo ndipo nilipomtazama usoni, akanichekea.

Aliketi baadaye, na kutembea pia alichelewa. Wako sijui atakuwaje, sitakudanganya. Mkubalie daktari. Kesho asubuhi nitakuwa mlangoni kwako Migosi, twende hospitali pamoja.

Nyanya yako