Ganda Jipya la Mkuu wa Mfumo

Newala, 4 Juni 2024

Mpwa wangu Loveness,

Hujambo huko Masasi? Kifua kimepoa? Mimi mzima, ila goti tu. Barua hii nampa kondakta wa basi, maana mambo ya mjomba hayaenei kwenye simu.

Ile kompyuta ya walimu uliyonikabidhi nimeiboresha. Mimi wa darasa la saba! Akaunti ya mkuu wa mfumo, ile yenye madaraka yote, ganda lake, yaani programu inayopokea amri zangu nikishaingia, lilikuwa la kizee. Nikaweka jipya, lenye rangi, linamalizia maneno kabla sijayawaza. Mwalimu mmoja alitoka Chidya kwa miguu kuja kushangaa.

Jana umeme ukakatika. Uliporudi, akaunti ya mkuu haifunguki. Naandika paswedi, inanitema. Mwalimu Mkuu kasema faili zisipopatikana Ijumaa, nirudishe ufunguo wa chumba. Njoo mwenyewe. Tangu arobaini ya mama yako hujakanyaga hapa.

Mjomba wako,
Optatus

Masasi, 5 Juni 2024

Shikamoo Mjomba,

Kifua kimepona. Pole na goti.

Mjomba jamani! Bila shaka ganda jipya umeliweka kwenye diski ya pili, pamoja na faili za walimu. Umeme uliporudi diski hiyo haikuamka, na mkuu asipoliona ganda lake haingii. Ndiyo maana nilisema la mkuu lisiguswe. Anayetaka rangi hufungua akaunti nyingine yenye madaraka yaleyale, achezee huko.

Tumia akaunti ile ya akiba, mkuu2, ina ganda la zamani. Amsha diski, kisha mrudishie mkuu ganda lake. Amri zote nimeandika nyuma ya karatasi. Dakika tano tu, huna haja ya kunisubiri. Kazi zimenibana.

Mpwa wako,
Loveness

Newala, 15 Juni 2024

Mwanangu Loveness,

Marahaba. Goti limeniachia, nakimbia kama swala.

Amri zako zimekubali. Wewe ulisema dakika tano, mimi tatu. Ila nilizipiga Jumamosi. Ufunguo nilikuwa nimesharudisha, wakaniazima kwa hizo dakika tatu. Mtaani nimetangaza kwamba nimestaafu kwa heshima.

Akaunti ya akiba niliikumbuka tangu siku ile umeme ulipokatika. Nikasema, nikiitumia, huyu mtoto atakuja kwa lipi?

Ijumaa nilikaa stendi kutwa. Basi la Masasi likashusha watu wote. Nikamwomba kondakta achungulie viti vya nyuma.

Mjomba wako,
Optatus