Moshi Ambao Maman Hakuutambua

Furaha, mujukuu wangu,

Habari za Lubumbashi? Huku Bukavu tunasukuma siku tu. Papa yako anakusalimia. Courant ya umeme imekatika tena, majirani wote wanapika na makala, na kikohozi changu unakijua.

Unaniuliza kama niliwahi kuona yale professeur wenu anasema, kwamba jua na hewa vinageuza moshi njiani: harufu inapotea, ukali unaongezeka. Mimi sikusoma chimie, hiyo kemia yenu. Lakini nakumbuka siku moja.

Nilikuwa musichana, kwetu Nyangezi. Kila kiangazi tulichoma kilima ili ng'ombe wapate majani mapya. Maman yangu alijua kila moshi kwa pua. Alikuwa anasimama mulangoni na kusema: "Ile iko moshi ya majani. Ile ingine ya mikaratusi, kuna mutu anachoma makala." Hakukosea.

Kilima kikiwa bado kinawaka, tulishuka Kamanyola kwa shangazi. Kule hakukuwa na moto hata mumoja, lakini mbingu ilikuwa ya kahawia, na macho yalituwasha kuliko pale kwenye moto wenyewe. Maman alinusa, akanusa tena.

"Hii sijue iko ya nini."

Shangazi akafoka: "Batu gani hawa banatuchomea macho?" Maman akaungana naye, wakawatukana hao watu mpaka chakula kikapoa.

Sasa nimechoka kuwaza jambo hilo. Njia yote ya kushuka, upepo ulikuwa unatusukuma mugongoni, ukitoka kwenye kilima chetu. Maman alienda kaburini akiamini ni moshi wa wengine.

Koko wako