Dira Juu ya Cherehani

Mama yangu mzazi,

Asalamu alaikum. Goti linaendeleaje? Kile kikohozi cha vumbi kimekuachia? Mimi ni mzima hapa Foshan, China. Ghala la vigae linanivunja mgongo, lakini mdomo wangu unaujua, haujachoka.

Mama, nimesalitiwa. Ile dira ya Kichina, luopan, ya kupimia mwelekeo na bahati ya nyumba, niliyomzawadia mdogo wangu Hamisi huko Jinja, ndiyo anayoitumia kukutoa nyumbani kwako Namatala.

Mimi nilifundishwa na Mzee Lin, mlinzi wa ghala letu. Unasimama mlangoni ukitazama nje, dira umeishika sawasawa kifuani. Unazungusha sahani yake mpaka sindano ilale juu ya mstari mwekundu wa katikati, kisha unasoma maandishi yaliyo chini ya uzi uliotandwa juu ya sahani. Lakini kabla ya yote, weka funguo chini, vua saa, ondoka karibu na chuma, maana chuma huivuta sindano. Hayo yote nilimfundisha Hamisi kwa simu. Alicheka: "Kaka, hata mkanda wa suruali nivue? Watu wa Jinja watanishitaki!"

Sasa dada yangu Zaituni amenitumia picha. Hamisi yuko mlangoni kwetu, na dira ameiweka juu ya cherehani yako. Juu ya chuma! Kisha anakwambia mlango unatazama kaskazini-mashariki, upande ambao Wachina huuita lango la mashetani, uhamie chumba chake cha uani huko Budondo, Jinja, kabla hajafa mtu. Zaituni amemsikia akimwahidi mfanyabiashara wa mahindi kwamba nyumba itakuwa stoo yake.

Nikampigia. "Ulisahau habari ya chuma?"

"Sikusahau, Kaka. Wewe unasoma vitabu, mimi nasoma watu. Mama ataamini hotuba zako?"

Angekuwa amekosea, ningemfundisha upya. Nimebishana na masheikh, walimu na wanasiasa, na hakuna aliyewahi kunipiga kwa fimbo niliyomchongea mwenyewe.

Mzee Lin anasema dira huonyesha nyumba inavyopokea mwanga, upepo na maji. Haifukuzi mama wa mtu. Na mlango wetu unatazama mlima Wanale, jua linakotokea. Ulijua hilo kabla hatujazaliwa. Mbona basi Zaituni anasema umefunga masanduku, bila kuniuliza? Hilo limeniuma kuliko la Hamisi.

Yafungue, Mama. Usiweke dole gumba kwenye karatasi yoyote.

Nimemwomba Zaituni akusomee barua hii Ijumaa, Hamisi akija kula. Basi wewe Hamisi, weka tonge chini. Mwambie Mama, kwa mdomo wako, uliyoniambia kwenye simu. Zaituni, usisome neno jingine mpaka aseme.

Kama amesema, nisalimie shangazi anayeuza mandazi, mjomba mwadhini, na jirani anayekuchotea maji. Kama hakusema, nisalimie hao hao, na uwaite waje wasikie.

Mwanao wa kwanza, mwenye hasira na mapenzi,
Musa