Primrozi Nyuma ya Tangi

Jumamosi, 16 Machi 2024

Mvua ya kwanza ya maana. Tuta langu la spinachi lilikuwa tayari tangu Jumatano, na samadi nimeweka — naamka, Anneth kashapanda maua! Primrozi za jioni, eti. Mbegu ndogo kama ugoro, zimetoka kwenye bahasha ya marehemu dada yake, Elinaza. Ua linafunguka jua likizama, asubuhi limenyauka. Zamu ya usiku, kama mlinzi!

Nimemuuliza mke wangu tutakula nini, petali? Akasema Elinaza alimpa bahasha ile wiki moja kabla ya kufa, na uani kwetu hakuna tuta jingine linalopata jua. Bwana shamba wa miaka thelathini na mbili kazini habishani na bahasha.

Alhamisi, 13 Juni

Miezi mitatu. Ua? Hata moja. Tuta limejaa majani bapa yaliyolala chini kama sahani. Magugu matupu. Nayajua kwa sura. Mbegu za marehemu zilikufa zamani, na Anneth kila jioni yuko pale na keni — anamwagilia magugu! Namwambia hazioti hizo. Anajibu neno moja tu: subiri.

Nisubiri nini? Mimi ndiye niliyesomea.

Jumanne, 3 Septemba

Anneth yuko Machame tangu Ijumaa, wanaweka msalaba kwenye kaburi la Elinaza. Nimepata nafasi. Nimeng'oa yote kwa saa mbili tu. Nikawapelekea mbuzi wa jirani yetu Jamaldini. Wamekula hadi mizizi. Hata mbuzi wanajua kazi ya gugu!

Jioni nimesia spinachi. Tuta limependeza.

Ijumaa, 6 Septemba

Amerudi. Alisimama mbele ya tuta, mkoba bado begani. Yale majani yalikuwa primrozi zenyewe. Hulala kwanza, husimama baadaye — Elinaza alimweleza yote.

Nikasema nilifikiri magugu. Akanitazama. "Baba Agnela, miaka yote unajisifu bwana shamba hakosei mmea. Basi hukukosea. Ulijua."

Hakupiga kelele. Angepiga, ningejua la kujibu.

Ningesema sikujua. Neno moja! Lakini niliseme mimi, niliyefundisha kata nzima ya Terrat kutambua magugu? Afadhali anione mbaya kuliko mjinga. Nikasema, spinachi inalika.

Jumamosi, 7 Septemba

Kaondoka. Kwa kaka yake Prosper, Usa River. Kachukua begi moja na ile bahasha. Tupu.

Jumapili, 22 Septemba

Binti yetu Agnela kapiga simu kutoka Dodoma. Shikamoo ndefu — nikajua kuna hotuba. Eti niende kwa mama yake na isale. Isale! Jani lenye fundo! Mchagga akiletewa lile jani lazima asamehe, hata kama umemuulia ng'ombe. Nikamwambia isale ni ya wakosaji. Akauliza, "Na wewe baba ni nani?" Watoto wa siku hizi.

Prosper naye kwenye simu: shemeji, hapa hatumfukuzi mtu wala hatumrudishi mtu. Mwanafalsafa wa Usa River!

Nyumba kubwa hii.

Alhamisi, 17 Oktoba

Spinachi asubuhi, spinachi jioni. Siitaki tena.

Nimekwenda kufunga koki inayovuja nyuma ya tangi la maji. Kuna shina limesimama, limenifika kiunoni. Chini yake sahani ileile. Limejiotea lenyewe, limekunywa maji ya koki mbovu. Nimepiga magoti kulikagua, miwani puani.

Siujui mmea huu. Nimeandika. Hapa hasomi mtu.

Koki nimeiacha ivuje.

Jumamosi, 26 Oktoba

Saa kumi na mbili na nusu jioni. Tumba lilitetemeka, halafu — pa! Likafunguka mbele ya macho yangu, haraka kuliko mtu anavyofungua mwavuli. Njano. Nikasema kwa sauti, "Mama Agnela, njoo uone!"

Nimemkumbuka sana. Basi, nimesema.

Jumapili, 27 Oktoba

Usa River. Naandika ndani ya gari, nje ya geti la Prosper. Nimepiga honi mara moja. Isale nimekata kwenye uzio wetu, fundo nimefunga vibaya. Mmea uko kwenye ndoo ya rangi, kiti cha mbele, nimeufunga mkanda. Mzee wa miaka sitini na sita! Trafiki wa Tengeru alicheka hadi akasahau kuomba leseni.

Kuna matumba matatu ya leo. Jua linaelekea kuzama.

Njia nzima nimejifunza lile neno. Likifika mdomoni linageuka maelezo juu ya mizizi.

Geti linafunguliwa. Ni yeye, na kanga ya jikoni. Isale hata haitazami. Ameinama dirishani, anatazama ndoo.

"Hilo gugu gani, bwana shamba?"

Anasubiri. Naliandika hapa kwanza, labda mdomo utafuata mkono. Sikuj—