Kaburi la Ziwa Langu

Jumatano, Mfunguo Pili

Wamegombana tangu alasiri, nami nimekaa palepale mkekani kama simo.

Daktari amesema ziwa langu la kushoto likatwe, nami nimekubali. Sasa wanagombania pa kulizika, maana kiungo cha Muislamu hakitupwi ovyo. Mume wangu, Faki, anataka lizikwe kwao Tibirinzi. "Ziwa lililonyonyesha wanangu ni la kwetu!" Kaka yangu Kombo akaja juu: "Huyu ni damu yetu. Litazikwa kwetu Wesha!"

Huyu mwenyewe hakuulizwa kitu. Hakuna aliyetaka kujua kama naumwa, wala kama naogopa kisu. Naogopa. Ubavu wa kushoto siulalii tena.

Na Faki huyu anayeligombania, tangu livimbe hajalitazama. Godoro lake kalihamishia ukumbini.

Mwisho nikawaambia, "Litazikwa uani kwangu, chini ya mlimau, pale nilipokuwa nikikaa kuwanyonyesha wanangu."

Kisha Faki, bila haya, akauliza, "Haya, na wewe mwenyewe je? Tukuzike wapi?"

"Nakwenda kutibiwa, mwanamme wee! Siendi kufa!"