Kitambaa Juu ya Kompyuta

Kitui mjini,
Jumapili mchana.

Kwa mwaitu, mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, na zikibaki uwagawie majirani. Goti lako linaendeleaje? Na yule ng'ombe wa madoa, amezaa au bado anatuchezea? Mimi mwili ni mzima, lakini moyo hautulii. Tangu Ijumaa nakaa, nasimama, nafagia mahali nilipokwisha kufagia. Leo kanisani nilisimama kuimba wakati wenzangu wameinama kuomba.

Ni ile kompyuta ya ofisini, mama. Nilikuandikia kwamba naandika majina ya wakulima watakaopewa mbegu kabla ya mvua, na kwamba kazi ni ya majaribio mpaka mwisho wa mwezi. Siku ya kwanza mkubwa wangu, Bwana Kilonzo, alinionyesha hiyo mashine akasema, "Mwende, hii ndiyo ya kwanza hapa kwetu. Mwenye ataiharibu atarudi kwao akiwa ameibeba mgongoni." Yeye alicheka, mimi sikucheka.

Basi wiki mbili zilizopita kioo chake kikaanza kupepesa. Asubuhi kinakaa vizuri kabisa. Ikifika saa nne, maandishi yanatetemeka, yanafifia, yanarudi, mpaka machozi yananitoka. Nilichomoa nyaya nikazichomeka tena. Nikakaza skrubu za nyuma. Nikahamisha meza. Nikakipiga kofi ubavuni, vile baba hupiga redio, kikatulia kidogo halafu kikaanza upya.

Sasa, upande wa pili wa ukuta kuna duka la Mama Halima, mama Msomali anayeuza maziwa na soda. Ndiye aliyenipa chai wiki ile ya kwanza, nilipokuwa simjui mtu hapa. Stima yake inatoka kwenye mita ya ofisi yetu. Na yeye hufungua saa nne, halafu anawasha friji. Nikajiona mjanja! Nikamwambia Bwana Kilonzo kwamba ni friji, naye akaenda hapo hapo.

"Mama, hiyo friji yako inakula stima ya ofisi. Zima."

"Mimi niko hapa miaka saba na hii friji," Mama Halima akasema. "Hiyo televisheni yenu imekuja juzi. Sasa hii maziwa nipeleke wapi?"

"Hiyo ni shauri yako."

Ikazimwa. Na siku hiyo, Alhamisi, kioo hakikupepesa hata mara moja. Bwana Kilonzo alinisifu mbele ya watu, kisha akaenda Mutomo kwa mambo ya mbegu mpaka Jumatatu. Jioni nilipopita dukani, Mama Halima alikuwa anamwaga maziwa yaliyoharibika. Hakuitikia salamu yangu.

Ijumaa friji ilikuwa bado imezimwa. Ilipofika saa nne, kioo kikapepesa. Nilishtuka, nikaweka mkono juu yake. Kilikuwa cha moto kama kifuniko cha sufuria ya muthokoi, na chini ya mkono wangu kulikuwa na kitambaa chako.

Kile cheupe cha krosheti, mama, chenye maua pembeni, ulichonipa nikiondoka. Kwetu redio haikai uchi, kochi halikai uchi, hata mtungi wa maji una chake. Ningewezaje kuacha kitu cha maana namna ile bila kitambaa? Wiki mbili zilizopita nilikitandaza vizuri, kikaziba matundu yote ya kutolea joto. Jumatano nilikuwa nimekibeba nikakifue, kwa hivyo Alhamisi kilikuwa kwenye kamba kinakauka, na lawama ikaenda kwa friji. Ijumaa asubuhi nikawa nimekitandaza tena. Nilikitoa, kioo kikatulia. Nikakirudisha, baada ya saa moja kikaanza. Kikulacho ki nguoni mwako, na aliyeivika kompyuta nguo yenyewe ni mimi. Wewe usijilaumu hata kidogo.

Shetani aliniambia ninyamaze. Nikikificha kitambaa sandukuni, nani atajua? Nitabaki yule msichana aliyejua ugonjwa wa kompyuta, na kazi nitapata. Lakini mama, kila nikifumba macho naona yale maziwa yakimwagika.

Jana nilienda nikamweleza Mama Halima yote. Alinitazama mpaka nikaangalia chini.

"Mimi umeniambia," akasema. "Na yeye utamwambia lini?"

"Jumatatu, akirudi."

"Sawa, mtoto yangu. Basi nitangoja Jumatatu."

Kisha akanimiminia chai. Ilikuwa chai ya rangi, kwa sababu yangu. Niliinywa yote.

Kesho ndiyo Jumatatu. Naogopa sana, lakini nitasema.

Nisalimie baba, umwambie dawa ya kofi haikufaa. Nisalimie dada Mutheu na wanawe, na mjomba wa kule Kathonzweni akija. Wamama wa kikundi chako uwaambie nawakumbuka, ila wasinifumie kitambaa kingine kwa sasa.

Na ukiniona nashuka hapo Kikima na sanduku langu kabla mwezi haujaisha, usiniulize kitu mbele ya watu. Nipe chai kwanza, yenye maziwa.

Ni mimi binti yako,
Mwende