Sifuri Niliyoiandika Mimi

Tunduma, Jumatatu

Dada Atupele,

Shikamoo. Mmeamkaje huko Ibaba? Magoti ya mama yanasemaje na baridi hii? Mimi mzima wa mwili, karanga zinauzika, ila tope la Tunduma limemeza kandambili yangu moja. Iliyobaki naitunza kama mjane.

Dada, barua hii isome peke yako kwanza, ndipo umsomee mama. Nimesikia wazee wamepanga matanga ya kaka Ambakisye Jumamosi, kwa sababu ya barua yangu ile niliyoandika, "Tumhesabu hayupo." Nataka ujue neno hilo nililitoa wapi.

Unajua niliishia darasa la nne. Siku hizi karanga nazifungia kurasa za vitabu chakavu vya hesabu, na kabla sijazikunja nazisoma. Ndiyo shule yangu, wateja wanaondoka nayo. Ukurasa mmoja ulisema: Rahisisha 3x + 2x. Nikapata 5x. Nikaona hesabu imening'inia, nikaongeza "sawasawa na sifuri". x ikawa sifuri. Nikapiga mistari miwili chini yake, nikajiona mtahini.

Jana mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu, akafungua karanga zake akakutana na kazi yangu.

"Tusekile, hii sifuri umeitoa wapi?"

"Nimeiweka mwenyewe, mwalimu, ili iishe."

"Nani kakuambia iishe? Umeambiwa rahisisha, hukuambiwa tafuta x! Ungepewa 5x ni sawasawa na ishirini, hapo ungesema x ni nne. Huu upande wa pili uko wapi?"

"Haupo."

"Basi kusanya vinavyofanana, weka kalamu chini. Usimtungie x jibu." Akatafuna. "Karanga lakini nzuri."

Nilicheka naye. Alipokwenda, nikakaa juu ya ndoo nikalia mpaka mteja mwingine akanihurumia, akanunua kisonjo kingine cha karanga.

Maana ndivyo nilivyomfanya kaka. Alivuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, akiwa utingo wa lori. Dereva anasema alishuka kununua sabuni. Mama anayeuza chakula kule aliniambia, "Bamayo, mama yangu, aliacha koti hapa, akasema anarudi sasa hivi." Simu imezimwa, masika ya pili haya. Kusanya vyote hivyo, vinakuwa kitu kimoja: aliondoka. Upande wa pili hakuna aliyetupa. Mimi nilichoka kuulizwa na mama kila wiki, nikauandika mwenyewe.

Sisemi yu hai, dada. Hilo nalo ningekuwa nalitunga, tena tamu zaidi. Nasema hatujui. Waambie wazee kutojua hakuwekewi matanga, na kama watakasirika, wamkasirikie aliyeandika. Sahani yake ya bati mama asiigeuze kifudifudi kama ya marehemu.

Alhamisi navuka tena, na lile koti alilonipa yule mama wa chakula mkononi, niulize gereji hadi gereji.

Umshike mama mkono wakati unamsomea. Msalimie shemeji, kikohozi chake kipungue. Wifi yetu, mke wa kaka, mwambie asinyoe nywele.

Ni mimi mdogo wako, niliyeweka sifuri,

Tusekile